Ngao ya Urzeda

Kheiria alikuwa anataka kuzima kompyuta ya duka la kutarizi ndipo alipouona kwa mara ya pili ukurasa alikotoa mchoro wa bendera. Jina la kijiji lilikuwa limeandikwa juu ya ngao, si chini yake.

Akaupandisha ukurasa hadi mwanzo, akasoma taratibu. Ulikuwa wa mtu mpenzi wa bendera aliyekusanya bendera na ngao za vijiji vidogo vya Ureno, kimoja chini ya chengine. Huko hata kijiji chenye kanisa moja na kisima kina ngao yake: minara mitatu ya fedha juu, alama ya kijiji katikati, na chini utepe wenye jina. Lakini picha zilikuwa ndogo, maandishi ya utepe hayasomeki. Gurudumu la kinu cha maji na samaki wawili ilikuwa ngao ya Moendal. Urzeda, kijiji cha pili yake, ngao yake ilikuwa mbuzi mweupe chini ya kichaka.

Yeye, akidhani jina liko chini ya picha, alitarizi gurudumu na samaki, kisha kwenye utepe akaandika Urzeda kwa mkono wake mwenyewe. Na asubuhi ile bendera ilikuwa imekwishachukuliwa.

Aliyeiagiza ni Bi Nadra, jirani yao wa Azaiba tangu Kheiria mdogo. Ilikuwa zawadi ya mumewe, Ami Daud, ya kumpa mbele ya wageni Ijumaa hii; yeye alikuwa Mreno. Alikuja Maskati ujanani kufanya kazi ya uhandisi, akasilimu, akamuoa Bi Nadra, na Kiswahili akakipata nyumbani kwa wakwe zake waliotoka Unguja.

"Kila mwaka nnamwambia twende nikaone kwenu, kila mwaka ana sababu," Bi Nadra alisema siku aliyokuja kuagiza. "Hata simu ya huko haiji. Basi kama sisi hatwendi Urzeda, Urzeda ije kwetu."

Kheiria aliuliza kama Ami Daud ataipenda, maana bendera za vijiji vya huko ni za watu wa kanisa.

"Ataipenda. Dini yake anaijua yeye na Mola wake. Mwaka aliosilimu alifunga miezi miwili mfululizo, hakula mchana hata siku moja. Marhum baba akamwambia, Daud, Ramadhani imekwisha. Akajibu, yangu bado."

Walicheka pamoja. Sasa Kheiria aliikumbuka asubuhi: Bi Nadra akipapasa uzi wa samaki kwa ncha ya kidole, akisema hajapata kuambiwa kama kwao kuna mto. Kheiria alijibu "labda" bila kuinua kichwa, kwa sababu alikuwa anakimbilia nembo za timu ya mpira ya Rusayl. Ndivyo alivyoifanya kazi nzima ile, macho huku, akili kule.

Alipiga simu. Bi Nadra hakupokea. Ijumaa baada ya sala, nyumba imejaa wageni, nani atasikia simu?

Angeweza kunyamaza. Katika Maskati yote ni mtu mmoja tu ambaye angejua kuwa ngao ile si yake, na huyo ndiye aliyetengenezewa. Wazo hilo lilimchoma zaidi. Akafunga duka, akaenda.

Alichelewa. Alipovua viatu mlangoni, Khattab, mtoto wao mkubwa, alikuwa amekwishaishika bendera kwa pembe mbili na kuiinua mbele ya watu. Ami Daud aliinuka kitini. Akaisogelea, akagusa gurudumu, akagusa samaki mmoja, kisha wa pili. Akarudi kukaa, macho hayabanduki kwenye bendera.

"Mnamuona?" Bi Nadra aliwaambia wageni, akijifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Kakumbuka kwao."

Watu wakapiga makofi. Sinia la pilau likaletwa, Kheiria akavutwa akae, na Bi Nadra akamwekea nyama kwa mkono wake. "Kula, mwanangu. Umenifanyia jambo sitalisahau." Upande wa wanaume, Ami Daud hakugusa chakula. Baada ya muda aliomba radhi, akatoka uani.

Kheiria akamfuata. Alimkuta amesimama karibu na bomba la kunawia, maji yanamwagika, mikono yake mikavu.

"Ami Daud, nisamehe. Nimekuharibia siku yako."

Akamgeukia, uso mweupe kama chokaa.

"Bi Nadra hana kosa," Kheiria aliendelea haraka, kabla hajakosa ujasiri. "Alinambia Urzeda, na mimi nikatia ngao ya kijiji chengine. Ya Moendal. Nilifanya pupa. Wallahi nitatarizi nyengine, na nitamwambia mwenyewe mbele ya watu wote kama kosa ni langu."

"Usimwambie."

"Lakini si haki, Ami. Umewekewa ngao isiyo yako."

Ami Daud alilifunga bomba. Alitazama mlango wa chumbani, walimokuwa mkewe na watoto wake, kisha akatazama lango la nje, akalikazia macho.

"Ngao hukuikosea," alisema kwa sauti ndogo. "Jina la Urzeda ndilo uongo wangu. Niambie kweli, mwanangu, ndugu zake yule niliyemuua ndio waliokutuma?"