Kitu Hatari cha Jabalini

Katika pango la jabali alikuwepo Pimbi mwenye mtoto mchanga na woga mwingi, mumewe yuko mbali. Kila asubuhi Chiriku alitua juu ya jabali akatangaza habari: "Sikieni! Humu jabalini mna kitu hatari. Hakitoki, hakisalimu, na kimeziba mlango wake kwa mawe!"

Pimbi akaogopa, akaongeza jiwe mlangoni. Kesho yake Chiriku akasema kitu kile kimezidisha mawe, naye Pimbi akaongeza tena.

Desturi ya pimbi wote ni kula kwa zamu, huyu akila yule analinda. Lakini yeye hakumwamini mtu wa kumlindia, akashinda na njaa mpaka maziwa yakamkauka, mtoto akalia hata sauti ikamwisha. Ndipo akayasukuma mawe, akatoka.

Jirani wa pango la pili akaruka nyuma. "Usinisogelee!"

"Dada, ni mimi, jirani yako, nilindie nile kidogo tu, mtoto hana maziwa, halafu kile kitu kisije kikatukuta huku nje, wewe umeshakiona?"

Jirani akayatazama mawe yaliyotapakaa mlangoni, kisha akamtazama yeye.

"Mwenzangu," akasema polepole, "si ndiye wewe?"

Pimbi akageuka, naye akayaona mawe yake. Jirani akapanda juu ya jiwe kumlindia, naye akainama akala huku akilia.

Chiriku akawaona. "Sikieni! Sasa viko viwili, na vimetoka nje!"

Katika jabali zima, kwenye kila mlango, ukasikika mlio wa mawe yakiongezwa.