Meza ya Pembeni

Hela ya Mama Pacha ilikuwa ndogo, lakini hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kila meza ya mtumba aliyoonyeshwa pale dukani aliigonga, akainusa. Nyingi zilikuwa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi.

Ile ya pembeni, yenye vanishi mpya, ilitoa mlio mzito. Mbao tupu, ndani na nje. Na bei ya kutupa!

“Rahisi hivi? Kuna jambo.”

“Ndiyo maana nasema tuondoke, dada,” alisema mdogo wake wa kiume, aliyeganda mlangoni tangu waingie. “Hiyo mbovu.”

“Umeujulia wapi ubovu wake, nawe hujaigusa?”

Akapiga magoti, akapapasa viungo kwa chini. Vyote vilishikwa na vigingi vya mbao. Kimoja tu kilikuwa kinene, cha mviringo, kimeungua ncha: mpini wa mwiko, ambao marehemu baba yao aliupigilia mguu ulipolegea, mama akanuna wiki nzima.

Hakuinuka.

“Mdogo wangu,” aliita kutoka chini ya meza, “hebu nisimulie tena jinsi mchwa walivyoimaliza meza ya mama.”