Kinachoingia Chunguni

“Hicho Kiingereza utaongea na nani, na mbuzi wako?” Jirani aliwahi kumuuliza hivyo Bi Mwanasiti, naye akamjibu kwamba mbuzi wake ana adabu kuliko wengi. Lakini leo alikuwa amesimama mbele ya Mwalimu Shekuwe, na akikosa atarudia darasa la watu wazima kwa mwaka wa tatu.

Swali lilihusu maneno ya Kiingereza yanayoishia na o. Katika wingi, lipi huongezwa s tupu, na lipi e na s?

“Kiazi, potato?” Mwalimu akaanza.

“E na s.”

“Nyanya, tomato?”

“E na s.”

“Redio?”

“S tupu, mwanangu. Na piano vilevile, usijisumbue kuuliza.”

Darasa zima likaguna. Mwalimu, kalamu mkononi, akamuuliza amejuaje.

“Kinachoingia chunguni kinapewa mbili. Kisichopikika, moja inakitosha.”

“Aa, Bi Mwanasiti, hiyo siyo kanuni!” Mwalimu akatafuta neno la kumkamata. “Haya. Shujaa, hero?”

Bi Mwanasiti akavuta mtandio wake, akamkumbuka marehemu mumewe. “E na s.”

Ilikuwa sahihi. Mwalimu akakodoa macho. “Kwani shujaa anapikwa, mama?”

“Sasa anazaliwa ameiva? Wangu nilimpika miaka thelathini, na Mungu ni shahidi, mpaka anakufa, katikati kulikuwa kubichi bado.”

Kalamu ikabaki hewani juu ya nafasi ya alama. Mwalimu akaiweka mezani, akatoka nje. Dirishani wanafunzi wakamwona amesimama uani, amewapa mgongo, mabega yakitikisika kwa kicheko.