Wahame au Wasihame

Mtaalamu kijana Sikudhani aliendesha tena programu yake ya kutabiri mafuriko, na kompyuta ikatoa jibu jingine. Vipimo vya mvua ya milimani vilikuwa vilevile, lakini mara ilisema bonde liko salama, mara ikasema watu wahame.

"Umeiandika wewe?" aliuliza Bwana Mhina, mkuu wa kituo cha hali ya hewa.

"Hesabu yenyewe inafanywa na maktaba ya lugha ya kompyuta, mzee, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine. Inagawa vipimo katika mafungu, inayakokotoa yote kwa wakati mmoja, halafu inaunganisha majibu."

"Basi kosa ni lao."

Alitamani kukubali. Tangu asubuhi alikuwa akiwatukana kimoyomoyo walioitengeneza. Lakini aliporudia kusoma maelezo yao, aliona onyo: fungu lolote linaweza kuunganishwa kwanza. Naye alikuwa ameiagiza ichukue wastani wa kila majibu mawili, hesabu inayobadilika mpangilio ukibadilika.

"Hapana, mzee. Nimeiagiza vibaya."

Akafuta kwa hasira, akaiagiza ijumlishe kwanza, igawanye mwisho. Kila alipojaribu, jibu likawa moja: wahame.

Bwana Mhina alitazama nje. Jua lilikuwa kali, na kule bondeni watu walikuwa wakianika mahindi.