Chale za Bibi Filomena

Leonardi aliweka patasi chini, akamtazama Bibi Filomena mashavuni kama fundi anayekagua kinyago cha mwenzake.

"Mama, hizo chale ulichanjwa lini?"

"Utotoni, kama wenzangu." Bibi aliendelea kuwamiminia wachongaji uji.

"Nani alikuchanja?"

"Kunywa uji, mwanangu. Unapoa."

Wachongaji wakacheka. Leonardi hakucheka. Alikuwa Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, mgeni wa wiki mbili tu pale Kinondoni, na kwao vita na Mreno vilikuwa vimepamba moto. Yuliana, aliyekuwa akikusanya vikombe, alimsikia akimnong'oneza jirani yake:

"Uso wa mtoto ukikua, chale hutanuka nao. Zile zimechanjwa kwenye uso wa mtu mzima. Mie kazi yangu kukata, mkato naujua."

Yuliana alikuwa na miaka kumi na tatu, na duniani hakuwa na ndugu ila bibi yake. Shuleni wakimuuliza kwao wapi, aliwaambia watazame mashavu ya Bibi. Hadithi aliijua yote: jinsi Bibi alivyovuka mto mwaka wa sitini, maji yamemfika kifuani, mjukuu mchanga begani, akiukimbia mjeledi wa Mreno.

Lakini siku ile, njiani kurudi nyumbani, neno la Leonardi lilimchoma kama mwiba. Kwa nini Bibi hakujua Kimakonde zaidi ya salamu? "Lugha niliiacha mtoni," ndivyo alivyosema siku zote. Na mbona jirani yao Mwanakombo alipomcheza mwali wake, Bibi aliimba nyimbo zote za Kizaramo, hata zile ambazo wenyewe walikuwa wamezisahau? Mwalimu alikuwa amewaonya darasani kwamba mpelelezi wa Mreno hujifunza kila kitu. Yuliana akajikuta anatembea hatua mbili nyuma ya bibi yake.

Kesho yake jioni Mzee Kondo, balozi wa nyumba kumi, alibisha hodi akiwa na Leonardi. Yuliana akawaamkia. Balozi aliitikia marahaba bila kumtazama.

"Filomena, tumekaa nawe kwa wema tangu huyu mtoto hajasimama dede," alisema, akifungua daftari. "Sasa kijana huyu anasema kijiji unachokitaja ndiko alikozaliwa yeye, na hakuna mzee wa huko aliyewahi kukutaja. Chale zako nazo anasema si za utotoni. Watu wameanza kusema Mreno ana macho mpaka huku. Usiponieleza, asubuhi nakupeleka kwa wakubwa."

"Nitakueleza. Yuliana, nenda kachote maji."

"Mitungi imejaa, Bibi."

"Nimesema nenda."

"Abaki," alisema Mzee Kondo. "Asije akawapelekea habari wenzenu."

Mikono ya Bibi ilikuwa ikikunja ncha ya khanga, ikikunja na kukunjua.

"Basi andika upendavyo, Balozi. Andika Filomena ni mpelelezi."

Leonardi akasimama wima. Mzee Kondo akabaki na kalamu hewani, maana hakulitazamia jibu hilo.

Yuliana alimwona bibi yake akijifunga khanga vizuri, kama mtu anayejiandaa kwa safari, na mashaka yake yote ya tangu jana yakageuka hofu moja tu. Akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono.

"Watakuchukua, Bibi. Na mie nitabaki na nani? Waambie. Lolote lile, waambie."

Bibi alimwinua. Kisha akamgeukia balozi.

"Mie ni Mwanaheri binti Nassibu, Mzaramo wa Pugu. Nilikuwa dobi wa hospitali kule Kusini, wavuvi walipoleta mtoto mchanga waliyemwokota ukingoni mwa Ruvuma, ndani ya mtumbwi usio na mwenyewe. Chale hizi nilichanjwa ili naye awe na kwao. Aliyevuka mto ni huyu, Balozi. Alivuka peke yake."