Kome wa Jumapili

"Usinihurumie," alisema Mama Mistari. "Saga."

Msimamizi wa kituo cha kupima kome akawasha blenda. Ndani mlikuwa na kome sita waliotolewa kwenye friza, sampuli ya mzigo wa Jumapili. Mama Mistari ndiye aliyeupima mzigo ule na kuuruhusu uende sokoni. Jioni yake akabeba bakuli moja kwenda nyumbani, binti yake akala. Jumatatu binti huyo wa pekee akashikwa na homa na kutapika. Alhamisi wakamzika.

"Ni kome wa mama yake," shangazi mtu alisema msibani, wala hakujisumbua kunong'ona.

Miaka kumi na tisa ya kazi, hajakosea hata mara moja. Wavuvi waliapa kwamba sumu ikimwona Mama Mistari hutoka yenyewe kwenye ganda na kuomba radhi. Mumewe alidai hata chai haruhusiwi kuinywa mpaka zipite dakika kumi za kipimo. Leo hakuna aliyethubutu kutania.

Msimamizi akatia dawa, akachuja, akadondosha matone manne kwenye kipimo.

"Dakika kumi, Mama."

"Mimi ndiye niliyekufundisha."

Kome wakiwa na sumu, hutokea mstari mmoja tu. Wakiwa salama, hutokea miwili. Mama Mistari akageukia ukuta.

"Ukiwa mmoja usiniambie. Nitajua kwa ulivyonyamaza."

Dakika ya nne ukatokea wa kwanza. Ya saba, hakuna kitu. Ya tisa, msimamizi akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Geuka, Mama. Ni miwili."

Alishika ukingo wa meza, akalia kilio chote alichokibana msibani.

"Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe."

"Sasa mwanangu kauawa na nini?"

"Hospitali walisemaje?"

"Hospitali gani? Alikata roho njiani." Akajifuta uso kwa upindo wa koti jeupe. "Na sikuzembea. Jumatatu ile ile nilihisi ni malaria. Nikanunua kipimo duka la dawa, nikamtoboa kidole mwenyewe. Kikaratasi cha maelezo kina herufi kama sisimizi, nikakitupa. Mimi tena nifundishwe kusoma kipimo?" Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akatabasamu kidogo, kidole chake kikionyesha mezani. "Ikatoka miwili, mizuri, kama hii. Nikamwambia, lala mama, huna kitu."

Msimamizi akaitazama ile mistari miwili mezani. Wiki mbili tu zilizopita naye alipimwa malaria. Ilitoka mistari miwili, daktari akamwandikia dawa ya malaria palepale.

"Nilisoma sawa, sivyo?"

"Sawasawa kabisa, Mama," akasema, akaichukua blenda kwenda kuiosha.