Maji ya Moto

"Oili tu hiyo, dada," mgambo alisema, akizipiga teke mbao za nyuma ya pikapu. "Ila mashine ya maji ya moto sitaki. Tumia ile ya baridi."

Mwajabu akainama kulitazama doa. Miaka tisa anaosha magari, hajapata kuona oili inayotii maji baridi. Kinachotoka kwa maji baridi ni damu. Ya moto huipika, ikang'ang'ania. Mwanamke gani asiyelijua hilo?

Jana mgambo walivunja vibanda vya soko. Kaka yake, Chambuso, alipakiwa kwenye pikapu kama hii, na kituoni wakasema hawamjui.

"Mlibeba nini, afande?"

"Oili, nimeshasema! Unaosha au unahoji?"

"Naosha. Mbona mkali hivyo, na oili ni kitu laini?"

Mgambo akasonya, akaenda kununua sigara. Mwajabu akaipita mashine ya baridi, akawasha ya moto, akangoja mpaka mpira ulipoanza kumuunguza kiganja. Kisha akauelekeza palepale kwenye doa.

Mvuke ukapanda. Ulipopungua, mbao zilikuwa safi kote, isipokuwa pale: doa lilikuwa limeiva, jeusi, kama bega la mtu aliyelalia ubavu.